Gari Lako Linakula Lita Ngapi Kweli? Namna ya Kupima SUV Ndogo Ukiwa Dodoma

Ukinunua RAV4, X-Trail, Forester, CR-V au CX-5 iliyotumika, unapewa namba tatu za ulaji wa mafuta hata kabla hujaliendesha. Moja iko kwenye tangazo la Japani, nyingine inawaka kwenye dashibodi, ya tatu unaambiwa na mtu mwenye gari kama lako. Hakuna hata moja iliyopimwa kwa barabara zako, mizigo yako na mguu wako. Mtu akiibeba mojawapo mpaka gereji na kulalamika kwamba "gari linakula", fundi naye hana cha kushika. Ataanza kubadilisha plagi, kisha sensa, kisha nozeli zinazopulizia mafuta kwenye injini, na hela itakwisha kabla tatizo halijaonekana.

Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote, pata namba yako mwenyewe kwa matanki matatu yaliyoandikwa. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuipata, kuisahihisha, na kuisoma ili ujue tatizo liko upande gani wa gari.

Namba ya Japani

Angalia mwaka wa gari kwanza. Magari ya miaka ya 2000 yalipimwa kwa utaratibu wa 10·15: gari juu ya rola, injini imeshapata moto, kasi ya juu kabisa kilomita 70 kwa saa. Kuanzia 2011 ukaja JC08, unaofika kama kilomita 82 kwa saa na kuhesabu pia kuwasha injini ikiwa baridi kwa sehemu ya jaribio. Tangu 2018 unatumika WLTC, ulio karibu zaidi na barabara halisi. Ndiyo maana gari la 2007 lililoandikwa kilomita 13 kwa lita na la 2019 lililoandikwa 13 hiyo hiyo si sawa. La 2007 litakula zaidi.

Kama makadirio ya kuanzia, toa asilimia 25 hadi 30 kwenye namba ya 10·15, asilimia 20 hivi kwenye JC08, na 5 hadi 15 kwenye WLTC. SUV ndogo ya petroli ya CC 2000 iliyo nzima hutegemewa kupata kilomita 8 hadi 10 kwa lita mjini, na 11 hadi 14 safarini kwa mwendo wa 80 hadi 100. Ukipata 7 mjini na foleni si kubwa, soma mpaka mwisho.

Dashibodi nayo haipimi mafuta yaliyoingia kwenye tanki. Kompyuta inakisia kwa kuhesabu muda ambao nozeli zimefunguka, kisha inagawa kwa kilomita za odometa. Mara nyingi inakupendelea kwa asilimia 3 hadi 10. Inafaa kulinganisha leo na jana kwa gari lile lile, lakini usiitumie kupigia hesabu ya fedha.

Kupima tanki hadi tanki

Chukua daftari dogo likae kwenye droo ya gari. Safu zake ziwe tarehe, odometa, lita, bei, njia uliyopita, AC, na mzigo. Ukiandika kwenye simu ni sawa pia, ila iwe sehemu moja tu.

Chagua sheli moja na pampu moja, ile ambayo gari linasimama usawa. Gari likiinama upande wa mdomo wa tanki, hewa inabaki juu ya tanki na lita moja au mbili hazitaingia. Mwambie mhudumu mapema, kabla hajashika mkono wa pampu: "Kaka, nijazie fuli, lakini polepole, na ikikata yenyewe usiongeze."

Hapo kwenye "ikikata" ndipo vipimo vya watu wengi vinapoharibikia, basi tuangalie kwa karibu. Kwenye ncha ya bomba la pampu kuna tundu dogo. Mafuta yakitembea, hewa inavutwa kupitia tundu hilo. Mafuta yakipanda na kulifunika, hewa inakosa njia, mvuto unaongezeka ndani ya mkono wa pampu na kitufe kinaruka: tak! Tatizo ni kwamba povu nalo hulifunika. Ukijaza kwa kasi kubwa petroli inatoa povu, dizeli ndiyo zaidi, na pampu inakata huku bado kuna nafasi. Mhudumu akijaza kwa kasi leo na polepole wiki ijayo, umeshapata kosa la lita nzima bila mtu yeyote kukuibia. Kasi iwe ile ile kila mara, na mwisho uwe mkato wa kwanza.

Ile tabia ya kutikisa gari na kuongeza mpaka shilingi zitimie iache kabisa. Mbali na kuvuruga kipimo, petroli ya ziada inaingia kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tanki, na mkaa ukilowa gari linaanza kusumbua kuwaka baada ya kujaza.

Baada ya mkato, sogeza tripu (kihesabu cha safari kwenye dashibodi) iwe sifuri na uandike odometa vilevile, maana tripu inaweza kufutwa na mtoto au betri ikichomolewa. Tembea kama kawaida. Usijaze tena kabla hujatumia angalau lita 30. Sababu ni ya kihesabu tu: kosa la lita moja kwenye lita 10 ni asilimia 10, lakini kwenye lita 40 ni 2.5.

Wengi hatujazi fuli kila siku, tunaweka ya elfu thelathini, ya elfu hamsini. Hilo halizuii kupima. Weka fuli ya kwanza, kisha katikati ongeza kidogo kidogo upendavyo, mradi tu utunze kila risiti ya EFD kwa sababu lita zimeandikwa pale. Funga hesabu kwa fuli ya pili, kwenye pampu ile ile.

Mfano: fuli ya kwanza odometa inasoma 84,210. Katikati umeongeza lita 15.20. Fuli ya pili imeingia lita 31.40, odometa 84,662. Umetembea kilomita 452 kwa lita 46.60. Gawanya 452 kwa 46.60, unapata kilomita 9.7 kwa lita. Ukitaka kwa kilomita 100, gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa 100: lita 10.3. Lita zilizoingia mara ya kwanza hazihesabiwi. Zile zilikuwa za safari zilizopita.

Rudia mara tatu. Ukitafuta wastani, usijumlishe "kilomita kwa lita" za matanki na kugawa. Jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, kisha gawanya mara moja. Aliyetembea kilomita 300 mjini kwa 8 na 300 safarini kwa 14 atasema wastani ni 11. Lakini ametumia lita 37.5 na 21.4, jumla 58.9 kwa kilomita 600. Wastani wake ni 10.2.

Kupata gharama, chukua bei ya lita ugawe kwa kilomita unazopata kwa lita moja. Tukifanya hesabu kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000, gari la kilomita 9.7 linatumia shilingi 309 kwa kilomita. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hutofautiana mji na mji kwa sababu ya usafirishaji, kwa hiyo linganisha mwezi na mwezi kwa lita, usilinganishe kwa shilingi. Wako wanaolaumu gari wakati kilichopanda ni bei.

Hakikisha kilomita zenyewe ni za kweli

Odometa inahesabu mizunguko ya tairi. Ukibadilisha saizi ya tairi, umebadilisha kilomita. Tairi la 225/65R17 lina kipenyo cha milimita 724, la 235/65R17 lina 737. Tofauti ni asilimia 1.8: odometa ikisema 500, kweli umetembea 509. Ukiweka 215/70R16 kwenye gari lililotoka na 225/65R17, kipenyo kinashuka hadi 707, na odometa inakuongezea kilomita ambazo hukutembea. Gari litaonekana linakula kidogo, na hilo ni sifa za bure.

Kuhakiki, toka asubuhi upande wa Bahi, barabara ile imenyooka. Weka tripu sifuri kwenye nguzo moja ya kilomita na uhesabu nguzo 20, au tumia ramani ya simu inayorekodi safari kwa GPS. Ikiwa umetembea 20 na tripu inasoma 19.5, zidisha kilomita zako zote kwa 1.026. Fanya mara moja, andika namba hiyo kwenye jalada la daftari.

Je, pampu?

Tazama stika na lakiri ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu. Ukiwa na shaka ya kweli, unaweza kuomba kipimo cha lita 20 mbele yako, na ofisi ya Wakala wa Vipimo ipo ya kupokea malalamiko. Lakini tahadhari: tanki la RAV4 ya kizazi cha tatu limeandikwa lita 60, na la X-Trail T31 lita 65, ila shingo ya tanki nayo inabeba mafuta. Kuingia lita moja mbili zaidi ya maandishi hakuthibitishi wizi. Ushahidi wenye uzito ni huu: matanki matatu sheli ya kwanza, matatu sheli ya pili, njia ile ile, tofauti ikazidi asilimia 5 upande mmoja kila mara.

Kuna pia imani ya kununua mafuta alfajiri eti yamesinyaa kwa baridi. Ni kweli petroli hupanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10. Lakini matanki ya sheli yamezikwa chini, na joto la ardhini halibadiliki sana kati ya alfajiri na saa nane mchana. Nenda saa inayokufaa.

Dodoma inavyoingia kwenye hesabu

Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kiasi hicho hicho. Watu husikia gari zito wakasema Dodoma magari yanakula. Kwenye tambarare ukweli ni kinyume: hewa nyepesi inazuia gari kidogo zaidi, na kwa mwendo ule ule unaweza kupata nafuu ndogo. Gharama inakuja ukitaka gari livute kama linavyovuta Dar es Salaam, ukakanyaga mafuta mpaka chini ili kupita lori.

Mlima ndio wenye hesabu kubwa. Kunyanyua gari la kilo 1,700 pamoja na abiria kutoka usawa wa bahari hadi Dodoma kunahitaji karibu lita 2 za ziada, na sehemu kubwa inalipwa kati ya Morogoro na Gairo. Chukua gari ambalo lingetumia lita 38 kwa kilomita 450 za tambarare. Likipanda kutoka Dar es Salaam linatumia karibu 40, sawa na 11.2 kwa lita. Likishuka linatumia labda 37, sawa na 12.2. Gari ni lile lile, dereva yule yule, namba mbili. Nusu nyingine ya mteremko inaishia kwenye breki, ndiyo maana hurudishiwi lita zote mbili. Basi usipime safari ya upande mmoja. Pima kwenda na kurudi, iwe Dodoma hadi Gairo na kurudi, au Dodoma hadi Manyoni na kurudi ambako utashuka kuelekea Bahi na Kintinku kisha kupanda kingo za bonde kabla ya Manyoni.

Halafu upepo. Kiangazi, hasa Agosti hadi Oktoba, upepo wa mashariki unavuma Dodoma kwa nguvu kuanzia katikati ya asubuhi. Ukielekea Kibaigwa kwa 90 na upepo wa 20 unakuja usoni, gari linaisikia hewa kama unakwenda 110, na nguvu ya hewa inapanda karibu kwa nusu. Ukirudi unasukumwa, lakini unachopata ni kidogo kuliko ulichopoteza. Ukiweza, ondoka saa 12 asubuhi upepo haujaamka.

Upepo wa matairi nao unacheza na mwinuko. Jaza psi 33 Dar es Salaam, panda Dodoma, acha matairi yapoe: geji itasoma karibu 35 bila mtu kuongeza kitu, kwa sababu hewa ya nje imepungua. Ukishuka pwani inakuwa kinyume. Aliyejaza 32 Dodoma atakuwa na 30 Dar es Salaam. Pima matairi yakiwa baridi, fuata karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva, na ukikaa pwani siku kadhaa pima tena. Lakini tusikuze mambo: kupungua kwa psi 5 kwenye matairi yote kunaongeza ulaji kwa asilimia 1 hivi. Umuhimu mkubwa wa upepo sahihi ni usalama na maisha ya tairi.

Mjini kwenyewe, kinachokula ni safari fupi. Kutoka Ilazo kwenda Makole, ukazima, ukawasha tena baada ya saa tatu kwenda sokoni, injini haifiki joto lake hata mara moja. Anayekwenda Mji wa Serikali Mtumba na kurudi, barabara ndefu bila kusimama sana, atapata namba nzuri kuliko jirani yake wa mjini mwenye gari pacha. Wasilaumiane.

Matuta, vijiji na mguu wa kulia

Kila unapopunguza kutoka 80 hadi kutambaa juu ya tuta kwa breki, kisha ukarudi 80, umetupa karibu mililita 45 za petroli. Ni kama kikombe cha kahawa cha muuza kahawa wa barabarani, hakijajaa vizuri. Kinaonekana kidogo. Hesabu matuta na vijiji vya 50 kati ya Ihumwa na Gairo, utaona umemwaga zaidi ya lita moja kwenye diski za breki.

Dawa ni kuona kibao mapema na kuondoa mguu kwenye mafuta ukiwa mbali, gari likiwa kwenye gia. Injini za nozeli, ukiachia mafuta gari likiwa linatembea kwenye gia, zinakata petroli kabisa mpaka mzunguko ushuke karibu na 1,200 hadi 1,500. Hapo unatembea bila kutumia hata tone. Ukiweka fri, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo kushuka na fri kunakula zaidi, na kunakunyima breki ya injini. Tabia hiyo imeua watu kwenye miteremko, iache.

Mwendo: nguvu ya hewa kwa 100 ni mara 1.56 ya ile ya 80. Kwa 120 ni mara 1.44 ya ile ya 100. Kwenye mafuta, kupanda kutoka 80 hadi 100 huongeza asilimia 15 hadi 20, na kutoka 100 hadi 120 zaidi ya hapo. SUV ina kifua kipana, inaumia kuliko saluni. Keria tupu juu ya paa inaongeza asilimia 5 au zaidi safarini. Gunia la mahindi kutoka Kibaigwa lenye kilo 100, liweke kwenye buti, litaongeza asilimia 2 tu. Gunia hilo hilo juu ya keria litakugharimu mara kadhaa ya hapo.

Kusubiri mtu na AC inaunguruma kunakula lita 1.2 hadi 1.5 kwa saa, bila AC 0.8 hadi 1. Dakika 20 mbele ya shule kila siku ya kazi, kwa wiki mbili, ni lita 4 hadi 5. Mwenye X-Trail yenye kitufe cha 2WD, AUTO na LOCK, kwenye lami kavu aweke 2WD.

Namba imekuwa mbaya: tatizo liko wapi?

Sasa daftari linalipa. Tenganisha matanki ya mjini na ya safari, kisha uliza: kilichoharibika ni kipi?

*Mjini kumeharibika, safarini hakujabadilika sana.* Anza na themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi huitoa gari likichemka, wakiamini kwamba nchi ya joto haiihitaji. Inahitajika. Injini imetengenezwa kufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95. Bila themostati, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Asubuhi ya Juni au Julai, Dodoma ikiwa na nyuzi 13 au 14, injini inaweza kufika ofisini ikiwa na 60. Kompyuta inaona injini baridi na inaendelea kumimina mafuta mengi, huku oili ikikusanya petroli na unyevu.

Kuijua ni rahisi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa na ushike bomba la juu la rejeta. Usiguse mfuniko wa rejeta na ukae mbali na feni. Themostati nzima ikiwepo, bomba linabaki baridi dakika kadhaa, halafu ghafla linakuwa moto. Likianza kupata uvuguvugu mapema na kupanda taratibu, themostati imetolewa au imekwama wazi. Kwenye skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, joto lisipofika 80 baada ya dakika 15 za kuendesha ni jibu lile lile, na kodi (alama ya hitilafu) ya P0128 huandikwa. Weka mpya yenye nyuzi za gari lako, na kama gari lilikuwa linachemka, tafuta sababu yenyewe: rejeta imeziba, feni haiwaki, au maji ya bomba yamejaza kutu.

*Safarini kumeharibika, mjini kawaida.* Fikiria kinachozuia gari lisitembee: keria, matairi mapya yenye meno makubwa, alaimenti, beringi, breki inayong'ang'ania. Tembea kilomita 10 kwenye lami, simama bila kukanyaga breki kwa nguvu, kisha peleka kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Rimu moja ikitoa joto zaidi ya mwenzake wa upande wa pili, kalipa, kibanio cha pedi za breki, hairudi. Vumbi la barabara za nje ya mji huingia kwenye pini za kalipa na kukauka na grisi. Pini zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto. Fundi akipaka grisi ya kawaida ya beringi, mpira wa pini utavimba na kalipa litakwama tena baada ya miezi michache.

*Kote kumeharibika kwa pamoja.* Kwanza nusa na uangalie chini ya gari, kuvuja kwa petroli hakuhitaji skana na ni hatari ya moto. Kisha soma kodi, hata kama taa ya injini haiwaki. P0172 inasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Tazama namba iliyoandikwa LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza: kati ya minus 5 na 5 ni sawa, ikizidi 10 upande wowote kuna kazi. Ikiwa minus, kompyuta inapunguza mafuta yanayozidi, basi shuku nozeli inayovuja, presha ya mafuta kubwa, au sensa ya hewa inayosoma vibaya. Ikiwa juu ya sifuri, kuna hewa inayoingia bila kupimwa, mara nyingi bomba la mpira baada ya filta limepasuka.

Filta ya hewa ina sifa isiyo yake. Kwenye injini za nozeli, filta chafu hupunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, kwa kuwa kompyuta hupima hewa na kurekebisha. Dodoma ibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, lakini kwa ajili ya kulinda injini. Usikubali ipulizwe kwa kompresa kwa karibu: karatasi inatoboka matundu yasiyoonekana, vumbi linapita na kutua kwenye waya wa sensa ya hewa, na hapo ndipo ulaji unapoharibika kweli. Sensa hiyo isafishwe kwa spreya yake maalumu, si ya kabureta, na isiguswe kwa kitambaa.

Plagi za iridiamu hudumu hadi kilomita 100,000, za kawaida 20,000 hadi 30,000. Zitazame kabla ya kuzitupa. Nyeusi yenye masizi makavu kwenye silinda zote ni mafuta mengi. Nyeusi moja tu ni tatizo la silinda hiyo.

Mwenye CX-5 ya dizeli ana jambo la ziada. Safari fupi fupi hujaza masizi kwenye chujio la ekzosi, na gari huchoma dizeli ya ziada kulisafisha. Ukikatiza kila mara kwa kuzima, dizeli hushuka kwenye oili. Oili ikipanda juu ya alama kwenye kijiti, imwagwe. Mpe gari mwendo wa nusu saa bila kusimama mara moja kwa wiki, hata kwenda Chamwino na kurudi.

Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha pima matanki mawili kabla ya kugusa kingine. Ukibadilisha plagi, sensa na themostati siku moja, hutajua kilichokuponya, na mwenzako atakayekuuliza utampeleka gharama tatu badala ya moja.

Kutumia namba yako njiani

Chukua ujazo wa tanki, toa lita 10. Hizo 10 usizipangie safari, kwa sababu pampu iliyo ndani ya tanki hupozwa na petroli yenyewe na haipendi kukaushwa. RAV4 ya lita 60 inabaki na 50. Kwa kilomita 11 kwa lita ni kilomita 550, ambazo zinatosha Dodoma hadi Dar es Salaam bila kujaza. Kwenda Iringa kupitia Mtera, au Babati kupitia Kondoa, jaza kabla ya kutoka mjini, na kwa sehemu za milima tumia namba yako ya kupanda, ile ndogo.